Unga Uliotusomesha

Mjukuu wangu, ukipita barabara ya Juja leo ukatazama Mathare bondeni, utaona mabati yaliyobanana na nguo za kuanikwa. Sisi tuliokulia humo tunachokumbuka kwanza ni moshi. Katika miaka ya 1970 hukukosa, kila baada ya nyumba chache, pipa lililopasuliwa na kunyooshwa likawa kikaango kirefu juu ya mawe, na kando yake mwanamke aliyejifunga leso kichwani akigeuza unga kwa sepetu. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Alipika pombe ya busaa, na sikuelezi haya kwa kujisifu wala kwa kuona haya. Mwanamke asiyekuwa na shamba wala cheti, mjini Nairobi alikuwa na milango michache ya kubisha, na huo ulikuwa mmoja.

Wako wanaodhani busaa ni uji uliochacha tu. Aliyeipika hasemi hivyo. Unga wa mahindi ulikandwa kwa maji ukawa bonge gumu, ukafunikwa siku tatu nne mpaka harufu ya uchachu ikapenya hata kwenye blanketi tulilojifunika usiku. Kisha ukapelekwa motoni, na hapo ndipo mpishi alipojulikana. Moto ukipoa, unga unabaki mbichi na pombe inakuwa chachu tupu. Ukizidi, unaungua na kuacha uchungu ambao mteja hasamehi. Mama hakuwa na saa. Alisikiliza. Chembe zilipoanza kugonga chuma kwa sauti kavu, weupe ukageuka kahawia, na harufu ya mahindi ya kuchoma ikaufunika ule uchachu, alivuta kuni nje bila kuuliza mtu.

Kimea nacho kilikuwa na miiko yake. Ulezi ulilowekwa, ukafungwa guniani ukachipua vijizizi vyeupe, ukaanikwa juani, ukasagwa. Motoni haukupelekwa kamwe, na mtoto aliyeusogeza karibu na jiko alikula kofi. Sababu niliipata baadaye darasani: nafaka inayochipua hutengeneza vimeng'enya vya kugeuza wanga kuwa sukari, na sukari hiyo ndiyo hamira huila ikatoa kileo. Joto kali huviharibu vimeng'enya hivyo. Ndiyo maana unga ulikarangwa ili wanga wake ulainike, na kimea kikaachwa na nguvu zake ili, vikichanganywa na maji, kiutafune. Kule Ruaraka, mahali pa kufika kwa miguu, kiwanda cha bia kilikuwa kikitumia kimea cha shayiri tangu 1922 kwa kanuni hiyohiyo. Mama hakuwahi kuingia humo. Ujuzi wake aliurithi kwa mama yake.

Busaa iliuzwa ingali vuguvugu, nzito, kwa mkebe wa mafuta ya kupikia ya Kimbo, shilingi moja ukijaa. Walikuja makuli wa Gikomba, waashi wenye saruji kwenye nyusi, na mzee mmoja aliyepigana Burma, ambaye alipuliza makapi pembeni mwa mkebe kwa adabu kabla ya kunywa, kisha akamwambia mama, "Leo umeikaranga vizuri, binti yangu." Machicha yaliyobaki yaliliwa na kuku wa jirani. Pesa zilifungwa kwenye ncha ya leso, na nyingi hazikukaa humo. Mwaka 1974 karo ya darasa la kwanza hadi la nne ilifutwa, wazazi wakashangilia, halafu shule zikadai pesa za jengo. Mwaka uliofuata, watu walipokuwa wakinong'onezana habari za kuuawa kwa mbunge JM Kariuki, mama alikuwa akihesabu mikebe iliyobaki ili mimi nisirudishwe nyumbani. Askari wakivamia, pipa lilipinduliwa na kazi ya wiki nzima ikateremka mtoni. Kesho yake alianza kukanda upya.

Mzee Kenyatta alifariki Agosti 1978, na baada yake pombe za kienyeji zikazidi kubanwa. Mwaka 1980 ikapitishwa sheria ya kupiga marufuku chang'aa, na midomoni mwa wakubwa busaa na chang'aa zikawa kitu kimoja, ingawa ile huchachuliwa na hii hutoneshwa kwa mvuke ikawa kali mara nyingi zaidi. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2010, lakini mama alikuwa amekwisha kuzikwa.

Sikwambii kwamba hakuna aliyeharibikiwa. Wapo waume waliomaliza mshahara kwenye viti vyetu, na wake zao tuliwajua kwa majina. Hata hivyo, ukisikia wanawake wa Mathare wakiitwa wahalifu, jibu kwamba walikuwa mafundi walionyimwa leseni. Stakabadhi za pesa za jengo alizolipa mama kwa busaa zilikuwa na muhuri wa shule ya serikali, na hakuna aliyeuliza pesa hizo zimetoka wapi.