Mgeni Asiyepewa Jembe

Pittsburgh, Pennsylvania
Aprili 27, 2025

Mjomba,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza kwa ajili ya maneno, ya pili kwa ajili ya mvua inayosikika ikipiga bati, na ya tatu kuhakikisha kwamba kweli umeuliza ulichouliza: "Watu wanasema masomo umemaliza Desemba na hurudi, eti umekuwa mtalii. Mtoto wa dada yangu atalii nini, na kwa pesa ya nani?" Nimeona nisijibu kwa simu. Wewe ndiye mkubwa wa ukoo, na jambo hili likielezwa nusunusu litafika kijiweni likiwa limeshaota mkia.

Nianze na neno ambalo najua ndilo linalomkosesha mama usingizi. Sijazamia.

Masomo yangu yaliisha Desemba 13. Sheria ya huku humpa mwanafunzi siku 60 baada ya kumaliza, afungashe, aage, aondoke. Au kama ana sababu ya kubaki kidogo, aombe kubadilishiwa hadhi kabla siku hizo hazijakatika. Zangu zilikuwa zinakatika Februari 11. Mahafali ya chuo chetu ni mara moja kwa mwaka, na mwaka huu ni Mei 10. Ningeweza kurudi na kutumiwa cheti kwa posta. Lakini unakumbuka mama alivyouza mbuzi wake wawili nipate nauli ya kwenda Dar kwenye usaili wa viza? Aliniomba kitu kimoja tu: picha nikiwa nimevaa joho siku yenyewe, si joho la kuazima studio pale mjini. Kazini huko nyumbani wamenipa ruhusa mpaka mwisho wa Juni. Basi Januari 20 nikajaza fomu iitwayo I-539, nikiomba kutoka kwenye uanafunzi, ambao wao huuita F-1, niingie kwenye ugeni wa matembezi, B-2. Ukijaza kwa intaneti ada yake ni dola 420, zaidi ya milioni moja ya kwetu. Niliilipa kwa akiba ya kazi niliyokuwa nikiifanya maktaba ya chuo. Nikaambatisha barua ya mwajiri, taarifa ya benki kuonyesha kwamba nina cha kula, tarehe ya mahafali, na ukurasa mmoja wa maelezo: kwa nini nabaki, na lini naondoka.

Nusura nichelewe, Mjomba. Desemba nzima nilikaa nimetulia kwa sababu mwenzangu mmoja alinihakikishia kwamba stika ya viza kwenye pasipoti ikiwa bado hai, huna haja ya karatasi nyingine. Si kweli, na nakueleza ili na wadogo zangu watakaosafiri wajue. Viza ni ruhusa ya kubisha hodi. Ukishafunguliwa mlango, kinachosema ukae ndani kama nani na mpaka lini ni kitu kingine, rekodi ya kuingia iitwayo I-94. Stika inaweza kuisha nawe umo ndani kihalali kabisa. Inaweza pia kuwa hai, nawe umeshapitiliza. Tena rekodi ya mwanafunzi haina tarehe, ina herufi mbili tu, D/S, yaani akae muda wote anaosoma. Hapo ndipo wengi hujisahau, kwa kuwa hakuna tarehe ya kuitazama ukutani.

Na adhabu yake si ndogo. Kwa sheria yao ya mwaka 1996, anayekaa isivyo halali zaidi ya siku 180 kisha akaondoka, hufungiwa mlango kwa miaka 3. Akifikisha mwaka mzima, ni miaka 10. Nimeziandika tarakimu hizi kwenye karatasi na kuibandika juu ya kitanda.

Majibu ya ombi langu hayajatoka. Nilipata risiti tu, inayosema wamelipokea na linashughulikiwa. Wewe uliyefanya kazi reli utaielewa hali hii kuliko wanasheria. Unakumbuka treni ya abiria ilivyokuwa ikisimama nje ya stesheni ya Kingolwira, ikingoja ishara? Haijafika, lakini haijaharibika wala haijaacha njia. Sisi watoto tulikuwa tunaikimbilia na ndizi na miwa, tukinyoosha mikono madirishani. Nami niko hivyo. Kwa kuwa niliomba kabla siku hazijaisha, naruhusiwa kungoja humu ndani. Nikitoka nje ya nchi kabla ya jibu, ombi linahesabiwa limeachwa. Wakikataa, hesabu ya zile siku mbaya inaanza kesho yake, nami nitakuwa na begi mlangoni.

Kilichoniwia kigumu ni mikono, Mjomba, kuliko karatasi. Mwanafunzi aliruhusiwa kufanya kazi chuoni saa 20 kwa wiki. Mgeni wa matembezi haruhusiwi hata saa moja. Umetulea kwa usemi ule kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huku mgeni akilishika jembe, amevunja sheria. Februari theluji ilianguka usiku kucha, ikafunika ngazi za mzee tunayepakana naye, mwenye fimbo. Alinigongea, akaninyooshea noti mbili za dola ishirini na koleo. Noti zilikuwa zimekunjwa mara nne, zina joto la kiganja chake. Nilichukua koleo, noti nikamrudishia. Akadhani nimeona ni ndogo, akaingia ndani kutafuta nyingine. Ikabidi nimweleze, huku pumzi zetu zikitoka kama moshi, kwamba kumsaidia jirani naweza, kulipwa siwezi. Alinitazama muda mrefu, kisha akaniletea chai kwenye kikombe kikubwa, akasimama pale pale mpaka nilipomaliza ngazi zote kumi na moja.

Wapo wanaoniambia nijilipue, yaani niombe ukimbizi kwa hadithi ya kutunga. Wengine wanasema kuna mahali pa kubeba maboksi usiku ambapo hakuna anayeuliza karatasi. Sitawahukumu, maana sijui kila mmoja ameacha nini nyuma yake. Ila nimeandika kwa mkono wangu kwamba narudi, na kuna watu wenye vita halisi nyuma yao ambao hadithi yangu ya uongo ingewapunguzia kuaminiwa.

Nimekutana na mmoja wao. Katika jiji hili wanaishi Wabantu wa Somalia, walioletwa kutoka kambi za Kenya miaka ya 2000. Siku moja dukani nilimsikia bibi akimgombeza mjukuu wake, nikasimama. Hakikuwa Kisomali. Kilikuwa Kizigua, lugha ya jirani zetu hawa wa ng'ambo ya Wami! Nilielewa nusu, kama mtu anavyosikia mazungumzo ya chumba cha pili. Nikamwamkia, nikamwambia natoka Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Akaweka chini mfuko wake wa maharage, akanishika kifundo cha mkono. Babu wa babu zake walichukuliwa kutoka Uzigua karne ya 19, wakavushwa bahari hadi Somalia kufanyishwa kazi mashambani. Lugha hawakuiacha kule, wala kambini, wala hapa. Aliniuliza kama Handeni kuna mvua. Nikamwambia ni majira ya masika. Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa habari za shamba lake mwenyewe. Yeye sasa ni raia, ana pasipoti ya Marekani, na hajawahi kuiona Handeni. Mimi nahesabiwa siku, na nina mahali pa kurudi. Nilitembea hadi nyumbani badala ya kupanda basi, kwa sababu sikutaka kukaa karibu na mtu.

Umeuliza nimetalii nini. Jumamosi iliyopita nilipanda kigari cha reli kinachokwea mlima, kitu ambacho kwa mwaka na nusu wa kusoma sikupata nafasi ya kukifanya. Pittsburgh ni mji wa vilima na mito, na zamani wafanyakazi wa viwanda vya chuma walihitaji njia ya kushuka kiwandani na kupanda kwao. Reli ya kwanza ya namna hiyo iliyo hai hapa ilifunguliwa mwaka 1870, miaka 37 kabla reli ya Wajerumani haijafika Morogoro. Behewa moja likipanda, jingine linashuka, kila moja likimbeba mwenzake kwa uzito wake, kwa kamba za chuma. Nilisimama dirishani nikikufikiria. Ungemuuliza mwendeshaji wake maswali mpaka jioni. Juu kule mito miwili inaonekana ikikutana na kuzaa wa tatu, na kwa mbali vilima vya kijani kibichi. Masika kama haya, ukiwa pale kwetu, mifereji myeupe ya maji inaonekana ikining'inia kwenye mabega ya Uluguru. Vilima vya huku havina hiyo.

Nimekata tiketi ya Juni 3. Nikishuka Dar nataka nipande treni mpya ya umeme hadi Morogoro. Ilianza Juni 14 mwaka jana nikiwa huku, na nimechoka kuitazama kwenye simu. Usije kunipokea uwanja wa ndege, ni mbali na magoti yako. Nisubiri stesheni ya mjini, tupande pamoja bajaji hadi Kingolwira, na mwambie mama picha ya joho nitamletea mkononi, ikiwa kwenye fremu.

Mpwa wako.