Goma, Februari 2014: safari ya kusikiliza muziki



Katika mkutano wetu wa juma lililopita, msichana mmoja aliuliza kama ni kweli watu wa huku waliwahi kwenda hadi Goma kusikiliza muziki tu. Wengine walicheka. Mimi sikucheka. Kwa msichana wa umri wake, Goma ni jina la habari za vita: mwisho wa Januari 2025 M23 waliuteka mji huo, na Februari wakaingia Bukavu. Basi nimeona niandike. Ni kweli, mwanangu, tulikwenda. Tulikuwa sita: mama mkwe wangu, wifi yangu, binti yangu wa miaka kumi na minne, wamama wawili wa kikundi chetu, na mimi.

Lilikuwa tamasha la kwanza la Amani Festival, siku tatu za katikati ya Februari 2014, katika uwanja wa Collège Mwanga. Lilipangwa kwanza kufanyika Agosti 2013, likaahirishwa kwa sababu ya usalama. M23 walikuwa wameiteka Goma mara ya kwanza Novemba 2012, wakashindwa Novemba ya mwaka uliofuata. Kwa hiyo watu waliokuja kucheza walikuwa wametoka vitani miezi mitatu tu kabla. Kiingilio kiliwekwa chini, kama dola moja kwa siku, ili hata mama muuza makala aweze kuingia na wanawe.

Dola moja haikutusumbua. Njia ndiyo ilikuwa ghali. Tuliweka pesa ya karanga kidogo kidogo, na zamu mbili za likelemba zikasaidia. Baba watoto aliuliza, "Pesa ya karanga iende kusikiliza ngoma?" Aliyemjibu ni mama yake mwenyewe: "Mwanangu, maisha yangu yote nimesafiri kwa kukimbia. Niache nisafiri mara moja kwa kupenda." Hakusema neno tena. Kesho yake alileta nauli yetu ya kufika Baraka.

Februari kwetu ni mvua, na mnaijua barabara namba 5 wakati wa mvua. Lori linakwama, watu wanashuka, wanasukuma, wanapanda tena. Mama mkwe alikaa juu ya mifuko ya mihogo akimwonyesha mjukuu wake mahali: hapa tulilala porini, pale tuliacha sufuria, huku niliambiwa baba yako mdogo amekufa. Mwaka 1996 alivuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma, kisha akakaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu. Njia ile aliijua kwa miguu.

Kutoka Baraka kwenda Uvira tulipita Makobola. Gari lote lilinyamaza. Mwisho wa mwaka 1998 na mwanzo wa 1999 watu wengi waliuawa pale, wamama na watoto wao, siku ambazo familia hujiandaa kwa mwaka mpya. Wifi yangu alifanya ishara ya msalaba. Hatukusimama.

Baada ya Uvira ni uwanda wa Ruzizi, kisha Kamanyola, kisha milima ya Ngomo, ambako barabara imekatwa ubavuni mwa mlima na dereva hapaswi kusemeshwa. Bukavu tulilala kwa ndugu, tukala bukari na sombe, na kesho yake tukapanda boti la kuvuka Ziwa Kivu. Tulipofika Goma, binti yangu aliinama akashika udongo. Ulikuwa mweusi, wenye mawe yanayokata. Ni moto wa Nyiragongo ulioganda: Januari 2002 volkano hiyo ilifunika sehemu ya mji, na watu walirudi wakajenga juu ya mawe yale yale.

Sasa nifike uwanjani. Jukwaa lilikuwa kubwa, vipaza sauti vimepangwa juu kama nyumba. Pembeni vyama mbalimbali vilikuwa na vibanda, vikionyesha kazi zao na kuuza vyakula na vitu vya mikono. Watu walikuwa maelfu na maelfu. Jioni likapanda kundi lenye magitaa ya umeme, muziki ule mkali vijana wanaouita roki. Ngoma ilipopigwa mara ya kwanza, niliisikia tumboni kabla ya masikioni. Watu wote wakasonga mbele kwa pamoja wakipiga kelele.

Mama mkwe alimkamata mjukuu wake mkono, akageuka kutafuta njia ya kutokea. Midomo yake ilikuwa imekauka. "Wanakimbia nini?" aliniuliza.

"Hawakimbii, mama. Wanacheza."

Alisimama vile, mkono wa mtoto umebanwa, akitazama. Wamama, mnajua kwa nini. Kwetu, tukiona watu wengi wanakwenda upande mmoja kwa kelele, tunafunga mtoto mgongoni na kushika sufuria. Mwanamke wa miaka zaidi ya sitini, na hajawahi kuona umati mkubwa usiokuwa na hofu. Ilimchukua nyimbo tatu au nne. Kisha akauachia mkono wa binti yangu, akakaza kikwembe chake kiunoni, akaanza kucheza polepole kwa mabega, kama wanavyocheza wamama wa kwetu arusini. Vijana waliokuwa karibu walimzungushia duara na kumpigia makofi. Mimi sikucheza. Nilisimama nikilia, na wifi yangu alinishika bega.

Usiku, katika nyumba tuliyofikia, binti yangu alisema anataka kujifunza gitaa. Mmoja wa wenzetu alisema mapema, "Gitaa si kitu cha msichana wa heshima." Maneno hayo mmeyasikia pia hapa. Mama mkwe akamjibu kwamba gitaa si kitu kigeni kwetu. Alipokuwa msichana aliwasikia watu wakipiga nyimbo za Mwenda Jean-Bosco, mtu wa Katanga aliyeimba kwa Kiswahili kwa gitaa moja tu, na ambaye Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952 huko Jadotville, mji tunaouita leo Likasi. Na mwaka 1974, katika tamasha kubwa la Kinshasa lililofanyika kabla ya pambano la Ali na Foreman, pamoja na James Brown na B.B. King walipanda jukwaani pia Miriam Makeba, Celia Cruz na Abeti Masikini wa kwetu. Jukwaa lile halikuwa la wanaume peke yao. Heshima ya msichana iko katika mwenendo wake, na gitaa haliwezi kumwondolea.

Leo binti yangu ana mtoto wake. Anapiga gitaa katika kwaya, na Jumapili mchana anafundisha wasichana wanne. Mama mkwe alitutoka miaka michache iliyopita. Hata alipokuwa mgonjwa, mtu akitaja Goma, alisema, "Nilicheza kule." Hakutaja vita.

Kwa mama atakayepeleka familia mahali penye watu wengi, hata sikukuu ya hapa hapa: agaeni mahali pa kukutana kabla ya kuingia, mshoneeni mtoto mdogo jina lake na la kijiji ndani ya nguo, simameni pembeni karibu na njia ya kutokea, siyo mbele ya jukwaa, na mtoto mchanga awe mbali na vipaza sauti, masikio yake ni laini. Mzee aliyepitia vita msimwache peke yake dakika za mwanzo. Mshikeni mkono mpaka mwili wake ukubali kwamba ni furaha.

Njia ya Goma si ya kuishika leo kwa ajili ya muziki. Lakini uwanja tunao Lulimba, na gitaa moja, na ngoma. Jumamosi baada ya mkutano wetu, wale wasichana wanne watapiga. Kila mama aje na kigoda chake na wanawe. Na anaye mama mkwe nyumbani, amlete.