Chakula cha Msimu Mjini Lushoto

Swali: Andika insha isiyozidi maneno 550 kuhusu mahali pa kula chakula unapopafahamu, ukionesha faida yake kwa jamii inayopazunguka.

Lushoto ni mji mdogo ulio juu katika Milima ya Usambara, mkoani Tanga. Msafiri anayetoka Dar es Salaam au Arusha huiacha barabara kuu pale Mombo, akapanda kilomita zipatazo 32 za kona na makorongo, akapita Soni, ndipo afike. Hufika akisikia baridi na njaa. Migahawa ipo kadhaa, lakini mimi nitaueleza mmoja tu, wa mama lishe aliye karibu na soko. Naufahamu tangu utoto, na baadhi ya mboga zinazopikwa pale hutoka shambani kwetu.

Mgahawa huu hauna orodha ya vyakula ukutani. Mteja huingia, husalimu, hunawa mikono, kisha huuliza, "Mama, leo kuna nini?" Swali hilo si la adabu tu, kwani jibu hubadilika kadiri mwaka unavyokwenda. Wakati wa masika kuna mnavu, majani ya maboga na tembele, yote mateke. Mahindi mabichi yakianza kukomaa, huchemshwa na kuliwa yangali ya moto. Baada ya mavuno kuna maharage mapya, yale yasiyohitaji kuni nyingi. Mwisho wa mwaka na mwanzoni mwa mwaka unaofuata, peasi na plamu hujaa kwenye beseni mlangoni.

Chakula kinachosifiwa zaidi ni makande. Najua wanafunzi wengi tumeyachoka makande ya shuleni, ambayo mara nyingi ni mahindi, maharage na chumvi. Ya mama huyu hubandikwa alfajiri, mahindi yakiwa yamekobolewa, yakaiva polepole juu ya mafiga. Yakishalainika hutiwa kitunguu, nyanya na tui la nazi, kisha huliwa pamoja na parachichi. Katika baridi ya Juni na Julai, sahani moja humtosha mtu hadi jioni.

Siku moja nilipopeleka mafungu ya mnavu, waliingia wasafiri watatu wakaagiza chipsi na kuku. Mama akawaambia kwamba siku hiyo alikuwa na makande, ugali na mnavu. Mmoja wao akacheka, "Mnavu ni chakula cha wagonjwa!" Wakaondoka. Niliona aibu kana kwamba nimetukanwa mimi.

"Shikamoo mama," nikamwambia, "kwa nini nawe usipike chipsi kuku?"

"Marahaba, mwanangu," akajibu huku akihesabu mafungu yangu. "Nikinunua kuku wa boksi kutoka mbali, hela yangu inateremka mlima. Nikinunua mnavu wa mama yako, inabaki hapahapa."

Maneno yake yalikuwa kweli tupu. Kabichi na nyanya zinapofurika sokoni, madalali hutaja bei wanayoitaka wao, na mkulima hukubali kuliko mzigo wake uoze. Mama lishe hununua kidogo, lakini hununua kila siku na kwa bei inayojulikana. Kwa fedha hizo mama yangu alininunulia madaftari na sare za shule.

Hata hivyo, kuutegemea msimu kuna machungu yake. Mwaka mmoja mvua za vuli zilikuwa haba. Mnavu ulikauka, sufuria za mgahawa zikapungua, na wateja wengine wakahamia kwingine. Sisi tulikosa cha kuuza. Kwa majuma kadhaa mama lishe alitupatia makande kila jioni kwa mkopo, akiandika katika daftari lake. Mvua iliporejea, tulilipa deni lile kwa mboga, fungu baada ya fungu, mpaka jina la mama yangu likafutwa. Hakuna duka la mbali ambalo lingetufanyia hivyo, kwa maana lisingetujua.

Kwa jumla, mgahawa unaopika mazao ya mahali pake humpa mlaji chakula kibichi na cha bei nafuu, humpa mkulima soko la karibu, na huwafanya majirani wategemeane wakati wa dhiki. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Vijana tunaoona haya kuagiza mnavu mbele ya wenzetu tukumbuke kwamba kila sahani tunayoidharau imelimwa na mzazi wa mtu fulani, naye pia ana mtoto anayesubiri daftari.