Kurunzi Iliyobaki Baridi

Aghalabu binadamu husifu mwanga na kulisahau joto. Akipewa kurunzi mpya, huielekeza ukutani ili apime nguvu ya miale yake. Ni nadra kumwona akiishika shingo ya kurunzi hiyo ili ajue kama inapata moto. Hata hivyo, kwa mafundi wanaozifungua kurunzi za diodi ili kuziongezea mwanga, swali la joto hutangulia maswali mengine yote.

Mwanafunzi mmoja wa Kiswahili, aliyejipatia chakula na kodi ya chumba kwa kutengeneza redio na kurunzi, alilifahamu jambo hili vyema. Mjomba wake alikuwa bawabu wa usiku katika ghala la nafaka. Ua wa ghala hilo ulikuwa mrefu, taa za ukutani zilikuwa zimekufa, na silaha za mzee zilikuwa mbili tu: rungu na kurunzi. Kwake yeye mwanga haukuwa pambo. Asipomwona mtu akiwa mbali, angemwona akiwa amekwisha kumfikia.

Siku moja mzee alileta kurunzi yake. "Mpwa wangu," alisema, "kitu hiki hakichomi mkono hata kidogo, ila kikiwaka dakika chache mwanga wake hugeuka samawati, kisha ukafifia."

"Mjomba, huko kutochoma ndiko maradhi yenyewe," kijana alijibu.

Mzee alidhani anafanyiwa mzaha, lakini kijana alisema kweli. Balbu ya kale yenye uzi hutupa mbele sehemu kubwa ya joto lake, kwa njia ya miale isiyoonekana, pamoja na mwanga wake. Diodi haina tabia hiyo. Tangu Nick Holonyak alipoonyesha diodi ya mwanga mwekundu mwaka wa 1962, hadi diodi ya samawati iliyowapa Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka wa 2014, kanuni imebaki ile ile: mwanga hutoka mbele, joto hubaki nyuma. Chukua mfano wa diodi nyeupe ya aina ya XM-L, iliyoundwa na kampuni ya Cree ya Marekani. Upana wake ni milimita 5 kila upande, lakini huweza kupokea mkondo wa ampea 3, yaani takriban wati 10, na zaidi ya nusu ya nguvu hiyo hugeuka joto. Kitako chake kisipogusana barabara na mwili wa kurunzi, joto hilo hukosa pa kwenda. Ngozi ya nje hubaki baridi ilhali moyo unaungua. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua.

Kurunzi ya mzee ilipofunguliwa, ukweli ulijidhihirisha. Diodi ilikuwa imekaa juu ya kibati chembamba cha alumini, na chini ya kibati hicho mlikuwa na hewa tupu. Kila mpishi anajua kwamba sufuria huunguza vidole ilhali mwiko haufanyi hivyo. Hewa ni duni hata kuliko mwiko. Shaba huishinda hewa katika kupitisha joto kwa zaidi ya mara 10,000.

Basi kijana alikata kisahani kinene cha shaba, akakipiga tupa hadi kikabana ndani ya shingo ya kurunzi. Uso wake aliusugua kwa msasa hadi ukawa sawasawa. Juu yake alipaka malhamu ya kupitisha joto, tena kidogo mno, kwa sababu kazi ya malhamu ni kuziba vinyweleo vya chuma, na ikizidi hugeuka kizuizi. Hatimaye aliiunga diodi kwa lihamu juu ya kibati kipya cha shaba. Fauka ya hayo, aliambatisha uzi wa shaba kwenye springi ya betri, ili umeme usipotelee katika chuma chembamba.

Hapo ndipo kishawishi kilipokuja. Saketi ya kurunzi ilikuwa na vidhibiti vinne, kila kimoja kikipitisha ampea 0.35, jumla ampea 1.4. Nafasi ya vingine vinne ilikuwapo. "Tia vyote, mwanangu, wezi waogope!" mzee alisihi. Lakini mtaka yote hukosa yote. Mkondo ukizidishwa maradufu, mwanga huongezeka kwa kiasi kilicho chini ya maradufu, joto hupita maradufu, na jicho lenyewe huona ongezeko dogo kuliko lililopo. Isitoshe, betri ya ampea-saa 2.8 ingekwisha kwa saa moja tu. Na betri za lithi zikikamuliwa kupita uwezo wake huweza kushika moto. Kijana aliongeza vidhibiti viwili, akafikia ampea 2.1. Muda wa saa moja na dakika 20 uliitosha mizunguko mifupi ya mlinzi hadi alfajiri.

Mzee aliiwasha. Haikupita muda mrefu akalalamika: "Sasa inachoma! Umeniharibia." Kijana alimwomba aielekeze kwenye ukuta wa mbali na aendelee kuishika. Dakika zilipita, shingo ikazidi kupata moto, lakini mwanga ukutani ulibaki mweupe. Joto lililokuwa likiiua diodi kwa siri lilikuwa limepata mlango, na kiganja cha mzee kilikuwa sehemu ya mtambo, kwani damu nayo hulibeba joto na kulipeleka kwingine. "Ikizidi mno, Mjomba, punguza mwanga, lakini ikibaki baridi ilhali inawaka kwa nguvu, niletee siku hiyo hiyo."

Anayetaka kuiongezea kurunzi mwanga na afuate utaratibu huo: kwanza njia ya joto, kisha ampea. Mzee hakuwahi kujifunza hesabu za wati, wala hakuzihitaji. Mwenzake wa zamu alipojigamba kwamba ana kurunzi kali isiyopata moto hata ikikesha, mzee aliipokea, akaishika shingo kwa muda, kisha akamrudishia. "Ndugu yangu," alimwambia, "hii usiitegemee usiku."