Noti Ndogo za Kwaresima

Jumatano ya Majivu, 14 Februari 2024

Kwaresima imeanza, na adungu, vile vinubi vyetu, zimerudi kwenye kusindikiza tu. Maelekezo ya Misale yako wazi: kipindi hiki ala hupigwa ili kutegemeza waimbaji, isipokuwa Dominika ya nne, sherehe na sikukuu. Kwa hiyo hakuna vitangulizi virefu, hakuna kuchezesha nyuzi kati ya beti. Vijana wa ala wamenuna. Mimi nimefurahi. Siku nyingi nilitamani kuzisikia nyimbo zetu zikiwa tupu, nijue pambo lipi lilibeba maana na lipi lilikuwa kelele tu.

Leo jioni nimesikia. Nyimbo mbili zimesimama vizuri zaidi bila mapambo. Moja imelegea kabisa: ilikuwa inaishi kwa zile noti ndogo za adungu mwishoni mwa kila mstari, maana ndizo zilizowaambia watu wavute pumzi wapi.

Jumamosi, 24 Februari

Mazoezi ya korali. Tuna mwimbaji mpya wa sauti ya kwanza, binti mwenye koo safi na masikio makali. Anasikiliza nyimbo za injili kwenye simu yake mchana kutwa, na kila anachosikia anakishika. Amepewa kuongoza "Bwana utuhurumie", akapamba kila silabi. Alizungusha sauti kwenye "u", akateremka ngazi kwenye "tu", akamalizia na mtetemo mrefu kwenye "e". Ile "mi", ambayo ndiyo inayobeba mkazo wa neno, ikapita haraka bila mtu kuisikia. Besi wakakosa pa kuingilia, wakaingia kila mtu kwa wakati wake.

Nikamwomba alitamke neno bila kuimba, kama anayemwomba msamaha mtu aliyekosana naye. Akalitamka. Nikamwambia: "Binti yangu, umesikia uzito umekaa wapi? Sasa imba hivyo hivyo, bila kitu." Akaimba. Mwisho nikamruhusu noti ndogo moja, kutoka juu, aiguse kidogo kabla ya kutua kwenye "mi". Besi wakaingia wote pamoja, maana safari hii walijua mstari unafika lini.

Aliniuliza: "Papa mwalimu, ni moja tu?" Nikamjibu kwamba kwa wimbo wa toba, moja inatosha.

Alhamisi, 29 Februari

Nimepeleka adungu ndogo kwa mzee wetu mpiga adungu akaitie nyuzi mpya. Nyuzi ni nailoni ya wavuvi, ile ile inayouzwa ufukweni kwa kazi ya ziwa. Uzi mnene kwa sauti za chini, mwembamba kwa za juu. Zamani zilitengenezwa kwa nyuzinyuzi za mimea. Kisanduku bado ni gogo lililochongwa na kufunikwa ngozi, na shingo yake imepinda vile vile kama zamani. Korali za wenzetu Waaluri ng'ambo ya mpaka, kule Panyimur na Nebbi, huwa na adungu za ukubwa tofauti zilizolinganishwa kwa do-re-mi, kubwa zikishika besi.

Nilikaa nikitazama vidole vyake. Kwenye gitaa, kidole cha mkono wa kushoto kikigonga uzi unaolia tayari, noti ya pili inapatikana bila kupiga tena. Adungu haina nafasi hiyo, kwa kuwa kila uzi una sauti moja. Noti ndogo lazima ipigwe kwa uzi wake, na uzi ukishapigwa huendelea kulia. Mzee hugusa uzi wa jirani kwa kidole cha shahada, kidole gumba kinapiga noti yenyewe, na papo hapo shahada inarudi kuuzima ule wa kwanza. Vijana wetu wanajua kupiga, lakini hawajui kuzima. Ndiyo maana mapambo yao yanatoka kama tope: noti mbili za jirani zinalia pamoja hadi zichoke zenyewe.

Mzee hasemi mengi. Amesema tu: "Mkono wa kuzima ndio mkono wa mpigaji."

Dominika ya nne ya Kwaresima, 10 Machi

Leo ala zimeruhusiwa, na tumezipiga kwa adabu. Usiku nimefungua daftari la zamani la masomo. Carl Philipp Emanuel Bach, katika kitabu chake cha mwaka 1753 kuhusu upigaji wa kinanda, anafundisha kwamba mapambo huunganisha noti, huzitia uhai na huzipa uzito pale panapohitajika. Na kwamba yakizidi au yakikaa pasipo pake, huharibu hata wimbo mzuri. Anashikilia pia kwamba noti ndogo ianze pamoja na pigo, ikichukua muda wake kutoka kwenye noti inayofuata.

Mzee wetu anafanya kinyume. Noti yake ndogo inatangulia, ili noti kubwa itue pamoja na ngoma. Nimelifikiria jambo hili sana. Pale ngoma inaposhika mwendo na watu wanasogea nao, sauti inayotua ikichelewa, miguu yote inachelewa. Kwa Misa yetu nafuata njia ya mzee.

Jumanne, 19 Machi, Mtakatifu Yosefu

Baada ya Misa nimewasimulia vijana habari za Missa Luba. Mwaka 1958 huko Kamina, Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, na kundi la Les Troubadours du Roi Baudouin waliimba Misa ya Kilatini kwa mitindo ya Kiluba, na mwalimu Joachim Ngoi akiongoza kwa sauti ya pekee. Haikuanza kama maandishi ya noti. Sehemu kubwa ilizaliwa katika kuimba, kiongozi akipamba na kundi likijibu.

Nimewasisitizia hili: kiongozi alikuwa na uhuru kwa sababu kundi lilisimama imara. Wote wakipamba, hakuna anayesikika. Kuanzia sasa kiitikio chetu hakipambwi, hata kidogo. Ni cha watu wote, pamoja na yule mama aliyeingia kanisani leo mara ya kwanza.

Jumapili ya Pasaka, 31 Machi

Jana kwenye Mkesha Aleluya imerudi. Padre ameianzisha mara tatu, kila mara akipanda juu zaidi, na sisi tukiitikia. Baadaye binti wetu ameongoza Aleluya ya korali. Kwenye silabi ya mwisho nilimwachia njia yote. Amepanda, amezunguka, ameteremka taratibu, adungu tatu zikimfuata na kila uzi ukizimwa kwa wakati wake.

Kanuni ya kupamba pale penye mkazo tu haikuvunjika. Neno lilikuwa limeshatamkwa lote. Kilichobaki kilikuwa furaha. Mtakatifu Augustino alieleza shangwe ya namna hii zamani: moyo unajaa hadi maneno hayatoshi, sauti inaendelea peke yake. Na kwa kuwa Kwaresima nzima alikuwa ameimba kwa noti chache, kila aliyekuwepo alitambua kwamba kuna kitu kimebadilika.

Jumatatu, 1 Aprili

Ya kukumbuka kabla ya Pentekoste. Kiongozi apambe pale neno lilipo na uzito, au pale neno limekwisha na furaha imebaki. Mpiga adungu ajifunze kuzima kabla ya kujifunza kuongeza. Kiitikio kiachwe wazi. Na mzee aombwe kuwafundisha vijana mwenyewe, mkono kwa mkono, Jumamosi hii hii, kwa sababu anachokijua hakijaandikwa popote.