Mpokeaji wa Kwanza

Chai ya Kericho nilikuwa naijua kwa mkia wake tu. Aliyekulia Mombasa huiona ikifika kwa malori, ikilazwa kwenye maghala ya Shimanzi, ikisubiri mnada ulioletwa kwetu kutoka Nairobi mwaka 1969. Shamba lenyewe sikuwahi kulitia machoni. Basi mkubwa wetu wa wauguzi aliponiita akanambia, "Sista, jina lako limo kwenye orodha ya Kericho," swali langu la kwanza lilikuwa kama kuna baridi.

"Baridi ipo," akajibu. "Na kazi ipo."

Kazi yenyewe ilikuwa mafunzo ya watu wanaowapokea waliobakwa au kunajisiwa. Wangekuwapo wauguzi, matabibu, askari wa madawati ya jinsia, waendesha mashtaka, na safari hii wahudumu wa afya ya jamii wanaoishi kwenye kambi za mashamba ya chai. Waandaaji walitaka pia watu wachache wa Pwani. Nadhani sababu ni kwamba huduma ya baada ya kubakwa katika hospitali za umma za Kenya ilijaribiwa mapema miaka ya 2000 katika wilaya tatu, Thika, Rachuonyo na Malindi yetu, nasi tukabaki na sifa ya ukongwe hata pale tusipoistahili.

Reli ilinifikisha Nairobi. Kutoka hapo matatu ilipita Nakuru na Salgaa hadi Mau Summit, ambako barabara ya Eldoret huendelea mbele na ya Kericho hukata kushoto. Kwa kitambo ni mahindi, mikaratusi na ng'ombe. Halafu chai inaanza bila hodi, vilima kwa vilima, imekatwa sawasawa kama kichwa kilichotoka kwa kinyozi. Ndani yake wachunaji wanaonekana kuanzia kiunoni kwenda juu, aproni za plastiki mbele na vikapu mgongoni. Nilishika dirisha kama mtoto.

Mama mmoja aliyeketi kando yangu, kibuyu cha mursik kimefungwa leso mapajani, aliniuliza natoka wapi na nakwenda kwa nani. Nikamweleza habari ya mafunzo. Alinyamaza hadi tulipopita kituo kingine, kisha akasema, "Hiyo maneno iko, binti yangu. Lakini huku watu wanamaliza nyumbani." Akanifungulia kibuyu nionje. Maziwa yenyewe, yenye ladha ya moshi na mkaa, yaliniingia vizuri kuliko maneno yake.

Msomaji atakumbuka Februari 2023. Ndipo BBC ilipotangaza filamu ambamo wanawake zaidi ya 70 walisema wamenyanyaswa kingono na wasimamizi wao kwenye mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na kampuni mbili za Uingereza, Unilever na James Finlay. Unilever ilikuwa imekwisha kuuza biashara yake ya chai mwaka uliotangulia. Wanawake hao walisema kazi ilitolewa kwa sharti, na aliyekataa aliona kibarua kikiota nyasi. Bunge la Taifa likaagiza uchunguzi, wanunuzi wa nje wakashtuka, na mashamba hayo baadaye yakaangukia mikononi mwa kampuni ya Browns ya Sri Lanka. Nyuma ya hayo lipo jeraha la zamani zaidi. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 wafanyakazi wa makabila ya nje walivamiwa katika shamba la Unilever hapa Kericho, wengine wakauawa, wengine wakabakwa. Manusura walipeleka madai yao London, na Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikayatupa mwaka 2018.

Kuna jambo ambalo magazeti hayakulikazia. Mwaka huohuo wa 2018, shirika la UN Women na Unilever walitoa mwongozo wa kimataifa wa usalama wa wanawake mashambani, uliotokana na uzoefu wa sekta hii hii ya chai. Kwa hiyo semina zilikuwapo, mabango yalikuwapo, sera ilikuwapo, na miaka mitano baadaye wanawake wakamweleza mwandishi wa habari mambo waliyokuwa hawajaweza kuyasemea mahali pengine. Niliingia ukumbini nikiwa na swali kifuani. Sisi Wakenya tumezoea semina: kitambulisho shingoni, chai ya saa nne, posho ya nauli. Nilitaka kuona hii ingetofautianaje na zile.

Ilitofautiana saa ya kwanza. Mkufunzi, tabibu wa makamo mwenye sauti ndogo, hakuanza na sheria wala viungo vya mwili. Aliwapa wahudumu wa kambi kalamu na karatasi kubwa akawaambia, "Mwanamke amebakwa usiku kwenye kambi yenu. Nichoreeni njia yake mpaka hospitali ya kaunti."

Wakachora. Nyumba anayolala ni ya kampuni. Jirani atakayemgongea ni mfanyakazi mwenzake, na mumewe ni nyapara. Kiongozi wa kambi ameajiriwa. Zahanati ni ya kampuni na muuguzi wake analipwa na kampuni. Gari la kumpeleka mjini usiku lina dereva wa kampuni, na linahitaji sahihi ya msimamizi. Mhudumu mmoja, mama mnene mcheshi aliyekuwa ametuchekesha asubuhi nzima, aliweka kalamu chini akasema, "Na kama ni msimamizi mwenyewe?"

Hakuna aliyejibu, na mkufunzi hakutusaidia.

Mchoro huo ulinifundisha zaidi ya yote niliyosikia baadaye. Huko kwetu tunalalamika mgonjwa akichelewa, tunaandika kwenye faili "amefika siku ya nne", kana kwamba alikuwa matembezini. Dawa za PEP za kuzuia virusi vya Ukimwi zinatakiwa zianze ndani ya saa 72, na mapema ni bora, kisha zinywewe siku 28. Vidonge vya P2 vya kuzuia mimba vina hadi saa 120. Saa hizo zinaanza kuhesabika pale kambini, ambako kila mlango anaoweza kugonga una mwenye nyumba mmoja.

Baada ya hapo ndipo tulipoingia kwenye ufundi, na hapo mvua ya Kericho ikawa mwalimu. Huku hunyesha alasiri nyingi za mwaka. Mwongozo wa Wizara ya Afya unataka nguo za manusura zihifadhiwe kwenye mfuko wa karatasi, ule wa khaki, kila nguo na mfuko wake, kwa sababu plastiki hufuga unyevu, ukungu ukaingia na ushahidi ukaoza kabla haujamfikia Mkemia wa Serikali. Pwani sijawahi kuisumbukia sana kanuni hiyo, kwani nguo hukauka tukiwa tunaandika. Hapa mchunaji huja amelowa kutoka shingoni hadi magotini. Mkufunzi akaonyesha jinsi ya kuzianika ndani, kwenye hewa, mbali na jua na jiko, juu ya karatasi safi, halafu karatasi hiyo nayo ikahifadhiwa. Kisha kila anayepokea mfuko huandika jina, saa na sahihi. Mfuko ukipita mikono minne na sahihi zikawa tatu, wakili wa mshtakiwa ameshinda nusu ya kesi.

Tulijaza fomu ya PRC, yaani ya huduma ya baada ya kubakwa, hadi vidole vikachoka. Ni fomu ya Wizara ya Afya na huwa na nakala tatu: ya polisi, ya manusura mwenyewe na ya hospitali. Ina sehemu ya hali ya akili, ambayo wengi wetu huiruka. P3 ni nyingine, hiyo ni ya polisi. Askari mmoja wa Bomet alikiri kwamba wapo wenzake wanaomrudisha mwanamke kwa kukosa P3 hata kabla hajaonwa na daktari. Mkufunzi alimjibu bila kupandisha sauti: tiba haisubiri ripoti, hospitali kwanza.

Mwendesha mashtaka alituvua dhana nyingine. Wauguzi wengi huamini kwamba bila jeraha hakuna kesi, tena wapo wanaotafuta kizinda kama wanatafuta ithibati. Kizinda hakithibitishi kitu, na mwaka 2018 mashirika ya Umoja wa Mataifa yalitaka upimaji wa ubikira ukomeshwe kabisa. Upande wa sheria, Mahakama ya Rufani ya Kenya imekwisha kusema kwamba kukosekana kwa ushahidi wa daktari peke yake hakuivunji kesi ya ubakaji, na Sheria ya Ushahidi inamruhusu hakimu kutia hatiani kwa maneno ya mwathiriwa akiridhika kuwa anasema kweli, naye aandike sababu zake. Maana yake kwetu ni kwamba sentensi anayotamka mtu mezani kwangu, nikiiandika kama alivyoitamka, ina uzito uleule wa damu ndani ya chupa. Wangapi kati yetu huandika "anadai kubakwa" tukadhani tumeandika kitaalamu?

Askari nao walipata lao. Mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Meru iliamua, katika kesi iliyofunguliwa kwa niaba ya watoto wa kike walionajisiwa, kwamba polisi kutochunguza malalamiko yao ipasavyo ni kuvunja Katiba. Desemba 2020 Mahakama Kuu ya Nairobi ikawapa manusura wanne wa ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008 fidia ya shilingi milioni 4 kila mmoja. Konstebo wa kike aliyekaa nyuma yangu alinong'ona kwamba dawati la jinsia kituoni kwao ni dawati kwelikweli: meza moja kwenye korido, watu wakipita kwenda selo. "Nitamuuliza mtu maswali hayo hapo?" Sikuwa na la kumwambia. Sheria ya Makosa ya Kingono ni ya mwaka 2006, na korido hiyo bado haina pazia.

Mwishoni tulipelekwa Bomet. Barabara inapita Litein, na kadiri unavyokwenda chai inabadilika sura. Mashamba makubwa ya kampuni yanakatika, yanakuja ya wakulima wadogo wanaopeleka majani kwenye viwanda vya shirika lao la KTDA, kila boma na vishamba vyake, mgomba hapa, ng'ombe pale. Nilidhani mambo yangekuwa mepesi huku, maana nyumba ni ya mtu mwenyewe. Mhudumu tuliyemtembelea katika kata moja alinicheka kidogo. Huku, alisema, anayetuhumiwa si nyapara, ni binamu au jirani mwenye ng'ombe wengi. Wazee huketi, hupatana mbuzi wangapi au pesa ngapi, na mtoto huambiwa amesamehe. Nikamkumbuka mama wa mursik.

Mhudumu huyo alinisimulia kwa kifupi usiku mmoja aliogongewa na msichana ambaye hakumjua. Hakumuuliza mengi. Alimpa shuka, akamwambia asioge kwanza, akampigia bodaboda mwanamume anayemwamini, akapanda naye. Njiani walisimamishwa na mzee wa kijiji aliyetaka kujua waendako. "Nikamwambia mtoto anaumwa tumbo. Nilidanganya mzee, dada. Mungu anisamehe." Walifika hospitali kabla ya alfajiri. Nauli ya bodaboda alilipa yeye, na hakuna aliyemrudishia. Kwa wiki kadhaa hakulala vizuri. Nilimuuliza nani alimsikiliza yeye. Akaniangalia kana kwamba nimeuliza swali la kigeni.

Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii 100,000 nchi nzima na kuwapa mikoba ya vifaa. Nimeuona wa mama huyu: mashine ya presha, kipima joto, mizani. Ningeongeza humo mifuko michache ya khaki, namba za simu na nauli ya usiku mmoja. Ningehakikisha pia kwamba kwenye kila kambi ya chai kuna angalau mtu mmoja wa namna yake asiyelipwa na mwenye shamba. Hilo ni muhimu kuliko semina kumi za wasimamizi. Mafunzo yametufikia sisi tulio mwisho wa njia, wenye makoti meupe na vyeti ukutani, kwa miaka ishirini sasa, na si haba. Anayefungua mlango wa kwanza ndiye aliyeachwa ajifunze mwenyewe.

Nawe msomaji unaweza kuwa mlango huo leo usiku. Mtu akikuambia, mwamini. Asioge wala kufua kabla ya kuonwa, na kama ameoga tayari, aende vilevile. Nguo zitiwe kwenye karatasi. Aende hospitali kwanza, kabla ya saa 72 kupita, polisi watafuata. Namba ya msaada ya 1195 hupokelewa usiku na mchana bila malipo, na ya watoto ni 116. Ukiwa mwajiri mwenye zahanati shambani, bandika namba hizo ndani ya choo cha wanawake, ambako msimamizi haingii. Na mtu yeyote akidaiwa pesa kabla ya kuhudumiwa, ajue kwamba kwa mwongozo wa Wizara ya Afya huduma hiyo hailipiwi katika hospitali ya umma.