Ziwa limefungwa, mzee anataka samaki!

MTU akikwambia maharage ni chakula cha wanafunzi wa bweni na mahabusu, usimbishie haraka. Muulize kwanza kwao wapi. Akisema Karema, msamehe bure.

Nasema hivyo kwa kuwa mimi mwenyewe ni mtoto wa hapo hapo Karema, kandokando ya Ziwa Tanganyika, kilomita zaidi ya 100 za vumbi kutoka Mpanda mjini. Kwetu mboga ni samaki. Mama akisema "leo hakuna mboga" ujue hakuna dagaa, hakuna mgebuka, hata kichwa cha sangara hakuna. Maharage yapo, tena mazuri, yanashuka kutoka Mwese na mengine yanatoka Ufipa, lakini mzee wangu anayaita 'mboga ya dharura'.

Basi bwana, mwaka 2024 dharura ikaja kweli. Serikali ikatangaza kwamba kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 hakuna kuvua Ziwa Tanganyika, samaki wapumzike, wazaliane. Samaki walikuwa wanazidi kupungua, na mzee analijua hilo kuliko mimi. Yeye ndiye anayesimulia jinsi zamani mtumbwi ulivyokuwa ukirudi alfajiri umelemewa na dagaa mpaka maji yanachungulia ndani. Anajua vizuri tu. Lakini we jua, halafu ukalishwe miezi mitatu unatazama maji, uone!

Mimi niliingia nyumbani wiki ya kwanza ya Juni. Mama alikuwa Mpanda, dada yangu kajifungua, kwa hiyo nyumba ilibaki na madume mawili. Nikapiga magoti kidogo pale kizingitini, "Shikamoo baba." Akajibu "Marahaba," akanitazama begi, akauliza, "Likizo?"

Nikasema, "Ndiyo baba, likizo."

Hapa msomaji wangu naomba unitunzie siri, maana haikuwa likizo. Nilikuwa msaidizi jikoni kwenye hoteli moja kule Kiwengwa, Unguja, upande ule ambako Wataliano wamejaa mpaka wauza vinyago wanaongea Kitaliano. Mvua za masika zikija wageni wanapungua, na hoteli nyingi zinafunga. Tuliambiwa nendeni nyumbani, tutawapigieni simu. Wenzangu wawili walipigiwa. Mimi simu yangu ilikuwa inaita kwa matangazo ya mtandao tu. Kwa kifupi nilikuwa 'nimechacha', na nauli ya kufika Mpanda nilimkopa mshikaji.

Na ningemwambiaje mzee? Mwaka 2021 nilipomuaga kwamba nakwenda kujifunza upishi hotelini, alikuwa anashona nyavu. Hakuinua hata kichwa. Aliuliza tu: "Yaani mwanaume wa ziwani unakwenda kumenya karoti?" Neno hilo nililibeba miaka mitatu.

Sasa twende kwenye hali yenyewe. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi gizani, na taa. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawajikusanyi kwenye taa, watu wanapumzika, wanashona nyavu, wanakunywa kahawa. Mwezi ukiisha, ndiyo kazi. Nilipofika Juni ilikuwa giza totoro, giza la pesa kabisa, na mzee wangu alikuwa amekaa nje na koti lake la ziwani, saa tano za usiku, hana pa kwenda. Usiku wa pili hivyo hivyo. Usiku wa tatu nikagundua kwamba halali. Na chakula hali. Alikuwa anamega ugali matonge mawili, na mchicha wa kuchemsha aliosaidiwa na jirani, anasukuma sahani. Koti lilikuwa limeanza kumpwaya mabegani. Juu ya hayo kulikuwa na deni la injini ya boti, ambalo nililisikia kwa watu, sio kwake.

Ukitaka kujua kwa nini nikashika mwiko, ni hilo koti.

Nikapita dukani na gengeni. Nilipata maharage nusu kilo, yale mekundu, vitunguu maji, karoti, nyanya, kabichi nusu, viazi mviringo na majani ya maboga. Nikaamua kumpikia mzee minestrone, supu nzito ya maharage na mboga ambayo Wataliano wanapikiana nyumbani wakiwa na baridi, au homa, au wakiwa wamefiwa. Mpishi wetu mkuu, Mtaliano mmoja mnene wa hasira za karibu, alikuwa akisema wageni wanakula kamba kwa sababu wamelipia, ila akiwasikia wanaulizia mama zao anawapikia maharage. Watu wa kwao, Toscana, wenzao huwatania kwa jina la 'wala maharage', na wao wala hawanuni.

Maharage niliyaloweka usiku kucha. Asubuhi nikamwaga yale maji, nikaweka mapya, nikachochea kuni yakatokota kwelikweli, dakika kumi za kwanza bila kupunguza moto. Hapo usifanye utani, maharage mekundu yakiliwa nusu mbichi yanatapisha na kuharisha, sumu yake inakufa kwa kutokota. Ndipo ukapunguza kuni yaive taratibu. Jirani yetu, mama mmoja anayejua mambo ya kila sufuria mtaani, akaniletea magadi. Nikamshukuru, nikayaweka pembeni. Magadi yanalainisha haraka, ni kweli, lakini maharage yanabomoka na supu inakuwa na ladha ya sabuni.

Nyanya nazo usizitie mapema. Uchachu wa nyanya unafanya ganda la maharage ligome, utachochea mpaka kuni ziishe. Subiri yaive kwanza.

Lakini siri yote ya Wataliano iko kwenye sufuria ya pili. Sisi tukikaanga kitunguu tunataka kiungue rangi tuendelee na safari. Wao hapana. Kitunguu, karoti na bua la figili vinakatwa vidogo kama punje za mahindi, vinatiwa kwenye mafuta, moto mdogo, vinakaa humo nusu saa vinalainika bila kubadilika rangi. Wenyewe wanaita soffritto. Mafuta ya zeituni Karema ungeyatoa wapi? Nilitia ya alizeti. Mawese yapo tele mwambao wetu, ila yana ubabe, yakiingia yanataka yasikike yenyewe. Figili nayo hakuna, nikaikosa, basi. Nikaongeza vitunguu swaumu, kisha nyanya, viazi, kabichi, mwishoni majani ya maboga. Nusu ya maharage nikayaponda kwa mwiko nikayarudisha sufuriani, ndiyo yanayoipa supu uzito. Chumvi. Basi.

Mzee alikuwa mlangoni muda wote huo. Sijui alianza kusimama lini.

"Unapika nini saa zote hizo?"

"Maharage, baba."

"Saa tatu, maharage?"

Nikasonga ugali. Tukakaa. Akamega tonge, akachovya, akatafuna, akanyamaza. Akamega la pili. Mimi nimeuchuna, natazama sahani yangu kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Alipofika tonge la nne akauliza, "Hawa Wazungu wako wanakula hivi na ugali?" Nikamwambia wanao ugali wao, wa mahindi, unaitwa polenta, huko kaskazini mwa Italia maskini waliula miaka na miaka. Akacheka puani. Hakuamini. Nikamwongezea, hata maharage haya na nyanya sio vya kwao, vilitoka Amerika baada ya safari za Columbus mwaka 1492 na kuendelea. Kabla ya hapo walikuwa wanakula kunde, tangu enzi za Warumi, na kunde asili yake ni Afrika hii hii.

"Kumbe wametuibia mboga," akasema mzee.

Ilikuwa sentensi ndefu kuliko zote alizonipa tangu nifike.

Kisha akaweka kijiko chini. "Inakosa kitu." Mimi moyo paa! Akainuka, akaingia chumbani. Nikasikia debe linafunguliwa. Alirudi na kifungu kidogo cha dagaa wakavu, wale wadogo wa fedha, aliowaanika kabla ya ziwa kufungwa. Nilidhani chakula kimeisha nyumbani, kumbe alikuwa amewaficha. Hakuwala, hakuwauza. Aliniwekea mezani kama mtu anayetoa kitambulisho.

"Tia hawa," akasema.

Msomaji, ningeweza kubisha. Lakini nikakumbuka kule jikoni Kiwengwa, mpishi mkuu alivyokuwa akitunza maganda magumu ya jibini iliyokwisha, anayatumbukiza kwenye supu ya maharage yachemke humo. Nilimuuliza siku moja kwa nini anapika taka. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha kuungaunga kwamba chumvi peke yake haina akili, maharage yanataka kitu kilichokaa, kilichokauka, chenye utamu wa ndani. Karema jibini ngumu hatuna. Dagaa mkavu je?

Nikawakaanga kidogo, nikawaponda, nikawatia. Ndugu yangu, bomba! Ile supu ikapata sauti. Nimepika minestrone mara nyingi hotelini, tena na vitu vyote vinavyotakiwa, lakini ile ya Karema ndiyo niliyoramba mwiko.

Kesho yake ilibaki, na ugali ulibaki. Huko Toscana supu ya jana inachemshwa tena na mkate mkavu, wanaita ribollita, maana yake iliyochemshwa mara ya pili, yaani kiporo. Wana na nyingine ya maharage na sukuma inayosongwa kidogo na unga wa mahindi. Kwa hiyo niliukatakata ule ugali, nikautumbukiza, nikakoroga mpaka ukawa mzito wa kusimamisha kijiko. Mzee alikula bakuli mbili. Ya pili alijipakulia mwenyewe, mtu ambaye maishani mwake sikuwahi kumwona akishika upawa.

Ni hapo, amekaa na bakuli lake, macho yako kwenye ziwa, aliponiuliza, "Likizo yako inaisha lini?"

Ningeweza kudanganya tena. Nilishatunga tarehe. Lakini mdomo ukasema wenyewe: "Baba, hakuna likizo. Hawajanipigia. Nadhani hawatanipigia."

Alitafuna muda mrefu. Mbele yetu kulikuwa na ile bandari mpya ya Karema, taa zake zinawaka, na nyuma yetu kule misheni ziko kuta za ngome ambayo Wabelgiji walianza kuijenga mwaka 1879. Wazee wanasema ilijengwa karibu kabisa na maji, halafu ziwa likarudi nyuma likaiacha nchi kavu. Mzee akaionyesha kwa kidevu.

"Ziwa hili lilishawahi kuondoka," akasema. "Mimi limenifungia miezi mitatu. Wewe wamekufungia hoteli. Ongeza kuni, usiku kuna baridi."

Hakusema neno jingine, na usiku ule nilimsikia akikoroma kabla ya saa nne.

Tulikula maharage Juni yote na Julai. Tulibadilisha: mara na tambi za kuvunjavunja, mara na mchele wa kwetu wa bondeni, mara na kunde kwa heshima ya Warumi. Jirani alianza kutuma mtoto na bakuli, halafu na hela. Vijana wa mwaloni, ambao nao walikuwa wamekaa tu, wakaanza kuja na vijiko vyao mifukoni. Mapene hayakuwa mengi, ila nauli ya mshikaji niliirudisha. Mama aliporudi kutoka Mpanda akakuta mumewe amechuchumaa anamenya karoti, akaniuliza mimi kwa macho, nikainua mabega.

Agosti 15 ziwa likafunguliwa. Sasa angalia mkosi: mwezi ulikuwa unakwenda kujaa, ulijaa Agosti 19, mwanga kila mahali. Wenye busara walisema wasubiri giza. Mzee alivaa koti lake, likamkaa sawasawa, akaondoka hivyo hivyo na wenzake kusubiri mwezi uzame usiku wa manane wapate yale masaa machache ya giza kabla ya kucha.

Alirudi jua linachomoza, na ndoo moja tu, tena haijajaa. Nilikuwa ndani natafuta viatu nikampokee. Nikasikia ndoo inatua kizingitini, na sauti yake:

"We mpishi! Yale maharage umeyaloweka?"